Salem, Siyo Salim

Shati lilitoka kwenye robota la mitumba, Tanga:
jeusi, mwanamke amekalia ufagio angani,
na kifuani herufi kubwa, SALEM.
Nikadhani wamekosea kuandika Salim.
Nikalipunguza mikono, nikamuuzia Salim wa mkaa,
akalivaa mpaka kola ikaisha.

Leo nimeshuka kwenye treni, nimemshika mpwa mkono,
na mji wenyewe ndio huu, jina liko kila ukuta.

"Mjomba, wachawi walikaa nyumba ipi?"
Rukaiya ana miaka minane, mzaliwa wa Lynn,
Kiswahili chake kina viraka lakini kinasitiri.
Namwambia kwetu mchawi hupaa kwa ungo.
Anacheka hadi anakaa chini kwenye matofali.
"Ungo? Huo wa mama wa kupepetea mchele?"
Huo huo. Ufagio wetu hauna mpini,
angekalia nini?

Oktoba. Majani yamekuwa rangi ya binzari.
Watu wamejaa kama siku ya mnada,
mbwa kavaa joho, mzee mzima kapaka uso kijani,
foleni ya nyumba ya vitisho inazunguka kona mbili.
Sisi tukashuka baharini.

Forodha yao ya zamani ina tai wa dhahabu juu ya paa.
Askari wa hifadhi, kofia pana, buti safi,
anawasomea wageni shehena za karne ile:
pilipili manga, pembe, sandarusi ya Unguja
iliyooshwa papa hapa ufukweni.
Na mlipeleka nini? nikauliza, Rukaiya akatafsiri.
Nguo, akasema. Pamba nzito, isiyotiwa rangi.

Nilijua kabla mtoto hajamaliza.
Merikani.
Bibi yangu aliifanya foronya, akaifanya mfuko wa kuchujia tui,
alipozeeka akaikunja kipande, akakiweka chini ya sanduku,
na hakuna aliyeuliza jina limetoka wapi,
kama mtu asivyoiuliza pua yake.
Miaka thelathini na mbili nakata nguo
na leo ndipo nasimama kwenye mlango iliyotokea.
Ilikuja gora jipya, likinuka wanga.
Siku hizi linakuja robota,
na mifukoni mwa suruali tunakuta tiketi za sinema.

Gati ni refu na jembamba,
futi ya kupimia iliyotandazwa juu ya maji,
mwisho wake kinara kidogo cheupe.
Tulikwenda mpaka mwisho. Upepo ulinikata masikio.
Rukaiya akahesabu hatua, akapotea kwenye mia sita,
akaanza upya kwa Kiingereza.

Kurudi tulipita penye mabenchi ya mawe,
ishirini, kila moja na jina, na tarehe, na namna ya kufa.
Kunyongwa. Kunyongwa. Kunyongwa.
Mmoja alilaliwa na mawe mpaka pumzi ikakatika.
Juu ya jiwe mtu ameacha ua na senti mbili.
Rukaiya alisoma yote, kidole juu ya herufi,
halafu akataka kofia.

Dola kumi na nne, ncha ndefu, utepe wa zambarau.
Hatukufika mtaa wa pili, mshono ukaachia.
Nikaigeuza ndani: mshono mmoja tu, tena wa haraka,
na kilebo kinachotaja nchi
iliyo mbali na hapa kuliko hata kwangu.
Sindano yangu hukaa chini ya ukosi wa koti, safarini pia.
Uzi niliokuwa nao ni mweupe.
Nikakaa ukingoni mwa barabara, magoti juu,
nikaanza kuirudia, nyuzi zikionekana kama meno.

"Mjomba."
Naam.
"Wale wa kwenye mawe hawakuwa wachawi."
Hawakuwa.
"Na watu wote wanajua."
Wanajua.
"Sasa mbona tunanunua kofia?"

Nilikuwa nimebana sindano mdomoni, natafuta ncha ya uzi.
Fundi mwenye sindano mdomoni hajibu.
Nilichukua muda mrefu sana kuutafuta ule uzi.